Mtaa Usio na Watoto

Shemeji yangu anaitwa Kufuli. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini hata dada yangu, aliyeolewa naye na kuzaa naye, alimwita Kufuli mpaka siku anaaga dunia. Jina lilitokana na kazi na tabia kwa pamoja. Kazi yake ni ulinzi wa geti, na tabia yake ni kwamba ukitaka kumtoa neno moja inabidi uje na subira na chupa ya chai. Mimi ni fundi cherehani, kazi inayokwenda na maneno, kwa hiyo nikikaa naye huwa naongea zamu zote mbili, yangu na yake.

Alikuwa analinda nyumba moja kubwa kwenye mtaa wa juu, ule wenye kuta ndefu zilizopandwa vipande vya chupa. Wenye nyumba waliishi nje ya nchi. Walikuja mara mojamoja, wakafungua madirisha, wakapiga chafya kwa vumbi, wakaondoka. Nilikuwa nikimtania kwamba analinda makochi. Yeye hakuwa na utani na kazi. Kila asubuhi alipiga pasi sare, akang'arisha buti, akaenda kwenye gwaride la kampuni yao, ambako msimamizi waliyemwita Sajini aliwasomea maagizo ya siku, kisha akarudi lindoni kusimama. Filimbi aliitundika shingoni kwa kamba niliyomsokotea mwenyewe. Walinzi wa mtaa ule walikuwa na lugha yao ya filimbi: fupi fupi ni hatari, kimbilieni, moja ndefu ni salama, tulieni. Kila asubuhi Kufuli ndiye aliyeanza ile ndefu, na wenzake wakaipokea geti kwa geti mpaka mwisho wa barabara.

Kampuni ilijua kwamba Kufuli anaishi peke yake kwenye chumba cha uani, nyuma ya tangi la maji. Masharti yalisema hivyo: mlinzi haruhusiwi kukaa na jamaa zake lindoni, na atakayevunja hilo hana kazi. Ukweli ni kwamba walikuwa watatu. Binti yake alikuwa amerudi kutoka kwenye ndoa iliyomshinda, mtoto mgongoni na mfuko wa nguo mkononi, na ofisi ya kampuni haikuulizwa. Binti alipata kazi kwenye kiwanda cha mikate, akawa anatoka kabla jua halijachomoza na kurudi jioni. Mtoto alibaki na babu yake getini.

Alikuwa mtoto wa kike, ameshaanza kukimbia na kusema vineno vyake, na babu yake akimwita "mke wangu" kama mababu wanavyowaita wajukuu zao. Nikamwambia, shemeji, umeoa bila kunialika, na mke mwenyewe hajui hata kukoroga uji. Akacheka kwa pua tu. Lakini alikuwa mume kwelikweli. Uji alikoroga yeye, akamwogesha mtoto kwenye karai, akaanika vinguo vyake mahali pasipoonekana kutoka barabarani. Na alimfundisha jambo moja ambalo mpaka leo linanikata maini. Kengele ya geti ikilia, mtoto anakimbilia nyuma ya tangi, anachuchumaa, anaweka kidole kwenye midomo na kuibana mpaka babu aje aseme "basi". Walilifanya mchezo. Mtoto aliupenda mchezo huo na aliujua vizuri. Ungeweza kusimama pale ukagonga, ukaongea, ukaondoka, usijue kama nyumba ile ina mtoto.

Sasa, ikatokea nyumba ya mtaa wa pili ikavunjwa mchana kweupe. Kwenye gwaride Sajini akawaeleza aliyoyasikia kwa wakubwa zake: wezi wa siku hizi wanatanguliza mtu wa kupeleleza, mara nyingi mwanamke, amejifanya wa maji au wa umeme au wa afya. Anauliza mna watu wangapi humu, kisha anaacha alama ya chaki ukutani kuwaelekeza wenzake. Mkiona alama futeni, na mtoe taarifa. Walinzi wengine waliyaingiza maneno sikio hili yakatokea la pili. Kufuli alirudi lindoni akaweka ndoo ya maji na kitambaa karibu na geti.

Wiki haijaisha, wakaja watu wa chanjo. Polio, ule ugonjwa wa kupooza, ilikuwa imeonekana tena, si kwa mtu bado, bali kwenye maji ya mitaro, na ofisi ya afya ikaamua kila mtoto mdogo apewe matone nyumba kwa nyumba. Mtaa wa juu na kwetu bondeni tulipangiwa mwanamke mmoja wa makamo, mpole, aliyetembea kwa miguu kutwa nzima na boksi la barafu begani. Sisi tulimwita Dada wa Matone. Kazi yao ina utaratibu wake. Mtoto akishapata matone anapakwa wino kwenye kidole cha mwisho, na nyumba ikishapitiwa inaandikwa kwa chaki mlangoni, ili wakaguzi wakija kesho yake wajue ni wapi pameachwa.

Bila shaka umeshaona mambo yanaelekea wapi. Kufuli hakuona.

Dada wa Matone aligonga, akauliza kupitia kitundu cha geti kama kuna watoto humo na ni wangapi. Kufuli akasema hakuna mtu, wenyewe wamesafiri. Baadaye aliniambia kwamba alihisi mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba huyu ndiye yule wa Sajini, na kwamba hata kama siye, akiandika mahali kuwa kuna mtoto, kampuni itajua. Hofu zote mbili zilimpeleka upande mmoja, na akaona ametimiza wajibu. Yule dada akachora alama yake, akaenda geti la pili. Kufuli akachukua ndoo. Alifuta la kwake, na kwa kuwa aliwajua wenzake kwa uvivu, akafuta mtaa mzima.

Wakaguzi walipopita wakakuta mageti masafi. Wakamsema Dada wa Matone kwamba alikwenda kulala, wakamrudisha. Akarudi akachora upya, safari hii kwa herufi kubwa, na alipofika katikati ya mtaa Kufuli alikuwa ameshaita kwenye redio, Sajini ameshapiga simu, na gari la polisi limeshasimama mbele yake. Walimpandisha na chaki yake mfukoni kama kielelezo. Kituoni aliomba jambo moja tu, boksi liwekwe kivulini. Wakamwambia atulie, kila kitu kitashughulikiwa. Boksi likakaa juu ya benchi la nje na jua lake, mpaka mkubwa wake wa kazi alipokuja jioni kumtoa. Barafu ilikuwa imekuwa maji ya uvuguvugu na dawa yote imeharibika.

Kufuli alipewa zawadi mbele ya gwaride zima: koti jipya la mvua, la kijani, zito, la mtu mrefu kuliko yeye. Akaniletea nipunguze mikono.

Alikuja siku yake ya mapumziko, amemshika mkewe mkono na koti kwapani. Akanisimulia kwa nini amepewa, na kwa Kufuli ile ilikuwa hotuba. Nilimsikiliza nusu nusu, maana nilikuwa na hasira zangu za siku kadhaa na nimepata wa kummwagia. Nikamwambia, wewe unanisimulia wezi, hujui yaliyotupata huku. Tuliwaogesha watoto, tukawakalisha vibarazani tangu adhuhuri, tukamsubiri Dada wa Matone mpaka kuku wakaingia kulala. Hakutokea. Kumbe polisi wamemkamata huko juu, eti anawachorea wezi alama, na dawa zetu zimeungua juani.

"Na sasa hata akirudi, akina mama hapa wanasema hawafungui," nikamwambia. "Mtu aliyepandishwa gari la polisi, nani atampa mtoto wake amtie kitu mdomoni?"

Nilikuwa nimelitandaza koti mezani na kuchora mstari wa chaki kwenye mkono wake, pale pa kukata. Nilipoinua macho nikaona Kufuli anaikodolea ile chaki yangu.

"Shemeji," akasema, "alama hizo nilizifuta mimi."

"Zipi?"

"Za mtaa mzima. Na aliyeita polisi ni mimi."

Mkasi niliuweka chini. Jambo lililonijia kwanza halikuwa yule dada, nisidanganye. Nilimtazama mtoto aliyekuwa anachezea vifungo kwenye kopo langu, nikauliza na huyu je. Akatikisa kichwa. Alipata matone alipozaliwa, baada ya hapo mama yake alikuwa kwenye misukosuko ya ndoa, na kadi ya kliniki ilibaki kwa wakwe. Alipokuja mtu na dawa mpaka mlangoni, babu akasema hakuna mtu humu.

Nilimsema, na nilipomaliza nikaanza upya. Nilimwambia kwamba ameusikiliza mdomo wa Sajini kuliko macho yake mwenyewe, kwamba mwizi gani anatembea na boksi la barafu kwenye jua kali. Alikaa akiinamisha kichwa, mikono magotini. Hakujitetea hata kwa neno, na hilo lilinimaliza nguvu za kugomba.

Kesho yake nikambeba mtoto mpaka zahanati. Nesi alinieleza kwa upole kwamba dawa ya eneo letu ndiyo ile iliyoharibika, nyingine itakuja na timu yenyewe, wataanza mtaa wa juu asubuhi na kushuka bondeni mchana wa siku hiyohiyo. Basi nikapanga. Siku hiyo nitapanda mapema, nimchukue mtoto kabla hawajafika, nishuke naye, apate matone kibarazani kwangu kama mtoto yeyote wa bondeni. Hakuna atakayejua, kazi ya babu itabaki, chumba cha nyuma ya tangi kitabaki, na mtoto atakuwa amekingwa. Ulikuwa mpango mzuri na bado nasema ulikuwa mzuri. Kufuli aliukubali. Koti la mvua aliliacha limening'inia kwenye msumari wangu, nikamkumbusha, akasema litakaa hapo kwanza.

Siku yenyewe mteja wa gauni la harusi alinichelewesha. Nilipofika mtaa wa juu walikuwa wameshaingia, na hawakuwa peke yao. Ofisi ya afya, baada ya aibu ile, ilikuwa imeona dawa ni kumpa Dada wa Matone askari polisi wa kutembea naye, ili mageti yafunguke. Mageti yalifunguka kweli. Nilipenya kwa Kufuli kupitia mlango mdogo, nikakimbilia nyuma ya tangi, nikamkuta mtoto ameshachuchumaa, kidole mdomoni. Nikachuchumaa naye, mtu mzima mimi, sketi kwenye tope, tukaanza kusikiliza.

Kila geti jibu lilikuwa lilelile. Hakuna mtoto. Hakuna mtoto hapa, afande. Kila aliyefungua alijibu ile kofia ya polisi, na yule dada aliyeuliza hakuna aliyemtazama. Geti la jirani lilikuwa la mlinzi tuliyemwita Kidevu, na upande wa pili wa ukuta tulioegemea nilisikia watoto wake mapacha wakilia, kisha redio ikafunguliwa kwa sauti kubwa kuwafunika. Kidevu akasema, kwa sauti iliyonyooka kabisa, kwamba mtaa huu hauna watoto.

Kufuli alisikia vilevile nilivyosikia mimi. Nilimwona kwa mgongo, amesimama wima nyuma ya geti lake, shingo imekakamaa. Kengele ikalia. Nilitegemea afungue kile kitundu aseme neno lake, wapite, sisi tushuke zetu. Badala yake akavuta komeo kubwa, akafungua geti la magari, mabawa yote mawili, mpaka yakagonga ukuta.

Dada wa Matone alikuwa amesimama pale na chaki mkononi. Alimtambua. Aliuliza swali lake kama mtu aliyeshajua jibu. Kufuli hakumjibu yeye kwanza, alimgeukia askari.

"Afande, samahani. Naomba ukae pale konani."

Askari, kijana tu, akauliza kwa nini.

"Watu wanakuogopa. Hata mimi nilikuwa nakuogopa."

Yule askari akamtazama dada, dada akaitikia kwa kichwa, naye akaenda zake konani kwenye kivuli. Nadhani hata yeye alishukuru. Kisha Kufuli akasema yupo mtoto mmoja, na akamwita kwa sauti ya kawaida, "Mke wangu, basi."

Nilimshika gauni. Nakiri nilimshika, na kama lisingekuwa gauni nililoshona mwenyewe kwa kitambaa kinachoteleza ningembakisha. Alichomoka akakimbia mpaka kwa babu yake, nami nikatoka nyuma ya tangi nikiwa na tope mpaka magotini, nikiona kazi ya mtu inatoka na mtoto yule.

Mtoto alipomwona mgeni getini akafanya alichofundishwa. Akaweka kidole, akabana midomo. Dada wa Matone akapiga magoti, akamsemesha, akamwonyesha kichupa, akamsifia gauni. Midomo ilibana zaidi. Kwa mtoto yule, mgeni akiwa mlangoni kufungua mdomo kulikuwa ni kushindwa mchezo. Dada akainua macho.

"Huyu hakatai," akasema polepole. "Huyu amefundishwa kunyamaza."

Kufuli alibadilika uso. Akavua kofia ya kampuni akaiweka chini, akapiga magoti kwenye lami, uso kwa uso na mjukuu wake, akafungua mdomo. Aliufungua wote. Mimi niliyekula naye meza moja miaka yote sikuwa nimewahi kumwona magego, na siku ile niliyaona, na mapengo niliyaona. Akasema "aaa" kama mtu anayepimwa koo, na mtaa mzima ukachungulia. Mtoto akamtazama babu kwa mshangao, akatoa kidole, akacheka, na Dada wa Matone akadondosha matone yake katikati ya kicheko. Akampaka wino kidoleni. Kufuli alibaki amepiga magoti, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

"Nilikaa pale kituoni kutwa nzima," yule dada akamwambia, bila ukali.

"Najua. Nilikukosea, dada. Nisamehe."

Dada akavua mkanda wa boksi begani na kumkabidhi. Akamwambia alibebe yeye, na ahakikishe linakaa kivulini.

Kufuli akapachika boksi bega moja na mtoto bega la pili, akatoka mpaka katikati ya barabara, akapiga filimbi. Aliipiga moja, ndefu, ile ya salama. Haikuwa saa yake. Mtaa ukanyamaza, hata redio ya Kidevu ikazimwa. Halafu geti la Kidevu likafunguka akatoka na mapacha wake, mmoja kila mkono. Mpishi wa nyumba ya mbele akatoka na mwanawe aliyejaa unga usoni, bila shaka alikuwa amemficha stoo. Akatoka mfua nguo na wa kwake, akatoka mlinzi wa nyumba ya ghorofa na watatu wamefuatana. Nimepita mtaa ule miaka nenda rudi nikipeleka nguo za wateja, na wale watoto sikuwahi kumwona hata mmoja. Walikuwa wanafumba macho kwa mwanga wa barabara. Na wengi wao, walipomwona yule dada akiwakaribia, waliweka kidole kwenye midomo.

Basi ikabidi wakubwa wao wafanye kama Kufuli. Walinzi na buti zao, wapishi na aproni zao, walipiga magoti mbele ya mageti ya watu na kufungua vinywa, aaa, mtaa mzima, na Dada wa Matone akapita katikati yao na kichupa chake. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, sijui kipi kilianza.

Sajini alifika kwa pikipiki, maana filimbi isiyo na saa yake humleta. Alisimama, akatazama, akavua kofia ya pikipiki akaivaa tena. Hakumkemea mtu. Lakini taarifa ya kampuni ilitaka jina, na Sajini hakuweza kuandika mtaa mzima, maana angewatoa wote angelinda na nani. Aliandika jina la aliyeanza. Wengine waliambiwa wajirekebishe, na mpaka leo wanajirekebisha. Kufuli walimhamishia kwenye ghala nje ya mji, lindo la kibanda cha bati kisicho na chumba, ambapo analala kwenye kiti. Binti yake na mtoto wakahamia kwangu.

Bondeni siku ile kazi ya maneno ilikuwa yangu. Yule dada alikataa kushuka na askari, akashuka peke yake, na milango ilikuwa imefungwa kama walivyoapa. Nikatangulia mbele yake nimembeba mjukuu wangu, nikawa nainua kile kidole chenye wino mlango kwa mlango, nawaambia akina mama huyu ni wa kwangu, amepata mbele ya macho yangu, fungueni, na aliyesababisha dada akamatwe ni shemeji yangu, mnifuate mimi. Walinifuata kweli, wakanisema mpaka nikakoma, lakini walifungua. Jioni kila mlango wa bondeni ulikuwa na chaki.

Kufuli alipokuja mapumziko yake ya kwanza kutoka ghalani alisimama mlangoni kwangu akiitazama ile alama. Mkono uliingia mfukoni kama unaotafuta kitambaa cha kufutia, ukatoka mtupu. Nikamkaribisha kwa maneno, kama kawaida yangu. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimepanga kila kitu, kwamba mtoto angepata hapa hapa kibarazani bila mtu kujua, na leo asingekuwa analala kwenye kiti huku mkewe analala kwangu na kumwita kila usiku.

Akanywa chai yake mpaka ikaisha.

"Na wale wengine, shemeji?" akasema. "Nao ungewaleta kwako wote?"

Nikamwongezea chai. Lile koti la mvua nililikata baadaye nikamshonea mtoto la kwake, na kipande kilichobaki nikafunikia cherehani.

Tukiwa tumekaa hivyo mlango ukagongwa. Kabla sijainuka, mtoto alikuwa ameshatoka mapajani kwa babu yake na kujibanza nyuma ya pazia, amechuchumaa, kidole kwenye midomo. Hafichwi na mtu hapa kwangu, lakini kila wakigonga huenda pale. Kufuli aliweka kikombe chini, akamfuata, akapiga magoti mbele yake na kufungua mdomo wake wote, magego na mapengo, aaa, akangoja. Mteja aliyegonga, aliyekuja na suruali ya kupunguza urefu, alichungulia ndani akaniuliza kwa kunong'ona kama yule mzee anaumwa jino. Nikamwambia aingie akae, na mlango auache wazi.